Difu Inavuma, au Tairi? Kutafuta chanzo cha kelele ya nyuma kwenye Mark X, Altezza na Subaru za Mwanza

Gari likianza kuvuma nyuma, neno la kwanza gereji ni "difu imekufa", na la pili ni bei ya difu ya mtumba. Mara nyingi difu yenyewe, yaani boksi la gia la nyuma linalogawa nguvu kwa matairi, haina kosa. Mvumo unatoka kwenye tairi lililokula vibaya, kwenye beringi ya tairi, au kwenye bushi (mipira inayoshikilia difu) zilizochanika. Mwenye gari anafungiwa difu nyingine, anatoka gereji, akifika Buzuruga anasikia sauti ileile.

Hapa tunazungumzia magari ya nguvu yanayosukumwa na matairi ya nyuma au yote manne: Mark X, Altezza, Crown Athlete, Impreza WRX, Forester ya turbo na ndugu zao. Mpangilio wa ukaguzi unaanzia kwenye vitu visivyohitaji kufungua nati hata moja. Usiruke hatua, hata kama fundi ana haraka.

Sikiliza kwa mguu

Ndani ya difu, piniani ni gia ndogo inayoleta nguvu kutoka injini, na krauni ni gia kubwa inayozungushwa nayo. Jino la piniani lina pande mbili. Upande mmoja unasukuma krauni ukikanyaga mafuta. Upande wa pili unapokea mzigo ukiachia na gari likawa linaisukuma injini. Kwa hiyo kelele ya meno hubadilika papo hapo mguu unapobadilika, hata kama mwendo ni uleule. Tairi na beringi ya tairi hazifuati mguu wako. Zinafuata mwendo wa gari na uzito ulioziegemea.

Jaribio linataka barabara ndefu, tulivu na yenye lami nzuri. Ndani ya mji kuna foleni na bodaboda, hutasikia kitu. Nenda mapema asubuhi upande wa Kisesa kuelekea Magu, au vuka Usagara uelekee Misungwi. Toa kila kitu kwenye buti, maana jeki iliyolegea imeshauza difu nyingi. Funga vioo, zima redio na feni, mweke mtu kiti cha nyuma katikati. Kisha, ukiwa ndani ya mwendo unaoruhusiwa, jaribu hali nne kwenye mwendo mmoja, tuseme kilomita 70 hadi 80 kwa saa:

1. Kanyaga mafuta kidogo, gari liwe linavuta.
2. Shikilia mwendo, lisiongeze wala lisipunguze.
3. Achia mafuta kabisa bila kugusa breki.
4. Weka niutro kwa sekunde chache. Injini isizimwe, la sivyo usukani na breki vitakuwa vigumu.

Mlio mwembamba wa kuimba unaotokea ukivuta tu, au ukiachia tu, ni wa meno ya krauni na piniani. Mngurumo unaobaki vilevile katika hali zote nne, niutro ikiwemo, mshuku kwanza tairi au beringi ya tairi. Mngurumo unaoonekana kuwa wa beringi lakini unaongezeka kiasi ukivuta unaelekea kwenye beringi za piniani.

Bado kuna gia boksi. Kwenye Mark X ya otomatiki, shikilia 80 halafu shusha gia kwa mkono, toka ya sita hadi ya nne. Injini itapanda raundi lakini difu inazunguka kasi ileile. Sauti ikibadilika pamoja na raundi za injini, achana na difu. Tafuta kwenye gia boksi, injini au ekzosi. Ekzosi hasa. Magari mengi yaliyofungwa ekzosi kubwa bomba lake hupita karibu mno na difu au linagusa ngao ya joto, na mtetemo wake kwenye raundi fulani unafanana sana na difu inayolia.

Tairi kwanza, kwa sababu ni bure

Pitisha kiganja juu ya tairi la nyuma, mbele kisha nyuma. Ukihisi meno ya msumeno, yaani upande mmoja laini na wa pili unakwaruza, tairi limekula kwa sababu ya alaimenti mbovu au shokapu zilizochoka. Hilo linanguruma kama beringi. Angalia pia bega la ndani. Gari lililoshushwa chini hula ndani na mwenye gari haoni mpaka waya zitoke.

Hamisha matairi ya nyuma yaende mbele, urudie barabara ileile. Sauti ikihama, jibu umelipata. Kama ya mbele na ya nyuma si saizi moja na hayahamishiki, ongeza upepo mpaka psi 40 hivi, bila kuzidi kiwango kilichoandikwa ubavuni, kwa jaribio tu. Sauti ya tairi hubadilika; ya difu haijali. Kisha rudisha upepo wa kawaida. Dalili nyingine: sauti ya tairi hubadilika lami inapobadilika, mathalani unapotoka kwenye lami mpya kuingia kwenye kiraka kirefu.

Wenye Subaru, hapa msipite haraka. Mzingo wa matairi yote manne usitofautiane zaidi ya milimita 6 hivi. Ukinunua matairi mawili mapya na kuacha mawili yaliyoisha, difu ya kati, inayogawa nguvu kati ya matairi ya mbele na ya nyuma, inafanya kazi muda wote hata barabara ikiwa imenyooka, inapata moto, na mwisho unaanza kusikia vitu ambavyo havitoki kwenye difu ya nyuma kabisa.

Beringi ya tairi

Kwenye 50 au 60, mahali palipo wazi, yumbisha gari taratibu kushoto na kulia. Ukikata kulia, uzito unahamia kushoto. Mngurumo ukipanda hapo, beringi ya kushoto ndiyo mshukiwa. Ukikata kushoto, kinyume chake. Kisha inua gari, weka stendi, shika tairi juu na chini ulitikise, halafu lizungushe huku mkono mwingine umeshika springi. Beringi mbovu utaihisi ikikwaruza kwenye springi hata kabla sikio halijaipata.

Kipimajoto cha mwanga, kile cha kuelekeza bila kugusa, husaidia. Baada ya mwendo wa nusu saa pima habu (kitovu kinachobeba tairi) zote mbili za nyuma. Moja ikizidi nyingine kwa nyuzi 15 au 20 ina neno la kusema, ila hakikisha kwanza kwamba breki ya upande huo haishiki.

Hesabu ya mlio

Sehemu hii mafundi wengi huiruka, na ndiyo inayomaliza ubishi. Simu ya kawaida yenye programu ya kupima masafa ya sauti inatosha.

Chukua Mark X yenye tairi 215/60R16 na difu ya uwiano 3.909, yaani krauni ya meno 43 na piniani ya meno 11. Mzingo wa tairi ni karibu mita 2.09. Kwenye kilomita 60 kwa saa gari linakwenda mita 1,000 kwa dakika, kwa hiyo tairi linazunguka raundi 479 hivi kwa dakika, sawa na mara 8 kwa sekunde. Propela, shafti ndefu inayotoka gia boksi hadi difu, inazunguka mara 3.909 ya hapo: karibu raundi 1,870 kwa dakika, mara 31 kwa sekunde. Meno yanakutana 479 mara 43, gawanya kwa 60, unapata mara 343 kwa sekunde.

Kwa hiyo, ukiona mnara mrefu kwenye mchoro wa programu, kwenye hezi 343 (mara 343 kwa sekunde), ukiwa 60, na mnara huo ukapanda hadi 458 hivi ukifika 80, huo ni mlio wa meno. Kugonga kwa mara 8 kwa sekunde ni kitu kinachozunguka na tairi: tairi lenyewe, habu, au jino moja la krauni lililovunjika. Mtetemo wa mara 31 ni wa kitu kinachozunguka na propela: balansi yake, joiti, senta beringi, au jino la piniani. Tumia mwendo wa GPS, kwa kuwa spidomita nyingi husoma juu kidogo. Gari lako likiwa na tairi au uwiano tofauti, badilisha namba tu.

Hujui uwiano wa difu yako? Inua tairi moja la nyuma, lingine libaki chini na vizuizi mbele na nyuma yake, weka niutro. Zungusha tairi lililo juu raundi mbili kamili huku mwenzako anahesabu raundi za propela. Hesabu atakayopata ndiyo uwiano, kwa difu ya kawaida. Difu yenye klachi za kuzuia kuteleza haitakubali. Hiyo inua matairi yote mawili, yazungushwe pamoja, na uhesabu kwa raundi moja.

Kugonga ukiweka D au rivasi

"Ko!" moja nzito unapobadilisha gia, au unapoachia mafuta na kukanyaga tena kwenye mlima, karibu kila mara ni mlegezo unaokusanyika toka sehemu kadhaa. Barabara za mawe za milimani, Isamilo na kwingineko, huua bushi za difu kabla ya kitu kingine chochote. Ukiongeza na injini iliyopandishwa nguvu na dereva anayependa kuondoka kwa kishindo kwenye taa, mpira unachanika toka kwenye chuma chake.

Kagua kwa mpangilio huu: nati za kushikilia difu, bushi zake, bushi za fremu ndogo ya nyuma, joiti za propela (au kapling ya mpira kwa magari yenye nayo), joiti za draivu shafti, kisha ndipo ndani ya difu. Kuona bushi ikifanya kazi, mtu mmoja akae ndani akanyage breki kwa nguvu na handibreki ikiwa juu, abadilishe D na R injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta. Wewe uangalie kutoka pembeni kwa mbali; usikae nyuma wala chini ya gari. Pua ya difu ikiruka zaidi ya upana wa kidole, bushi zimekwisha.

Kwa waliofunga bushi ngumu za plastiki au chuma kitupu: mtasikia mlio ambao ulikuwapo siku zote, mpira ndio ulikuwa unaumeza. Kama mlio ulianza siku ileile bushi zilipofungwa, hauongezeki na oili ni safi, msifungue difu.

Kelele kwenye kona

Tak-tak-tak ya haraka kwenye kona kali ni joiti ya nje ya draivu shafti. Angalia buti la mpira linaloifunika joiti kama limechanika na grisi imerushwa ndani ya ringi. Gari likirukaruka na kunguruma kwa vipande kwenye kona ya polepole, kama kuingia maegesho, na difu ni ya klachi, shida ni klachi kushika na kuachia. Mara nyingi oili iliyowekwa ni ya kawaida, haina kiongezi cha difu za aina hiyo. Mwaga, weka oili iliyoandikwa LS (ya difu za kuzuia kuteleza), kisha zungusha gari kwa namba nane mahali pa wazi, mara kumi kila upande, taratibu. Kelele isipoisha, klachi zimekwisha. Altezza yenye Torsen, difu ya kuzuia kuteleza inayotumia gia, haina klachi hizo, kwa hiyo dawa hii haiihusu.

Difu iliyochomelewa kwa ajili ya kuteleza makusudi (drifti) italia matairi na kurukaruka kila kona. Huo si ugonjwa.

Oili inasema ukweli

Fungua nati ya kujazia kwanza, ndipo ya kumwagia. Ukimwaga halafu ya kujazia ikakataa kufunguka, gari limeshalala hapo. Subaru nyingi hutumia mraba wa nusu inchi. Toyota nyingi ni spana ya pembe sita ya mm 10 au boksi ya 24.

Nati ya kumwagia ina sumaku. Tope laini la kijivu ni la kawaida. Vipande bapa vinavyong'aa ni vya beringi au uso wa jino unaobanduka. Kipande chenye pembe ni jino. Oili yenye rangi ya maziwa ina maji, na hapa kando ya ziwa hiyo si ajabu. Mtu anatoka safari, difu ya moto, anaingiza gari kwenye maji ya ufukweni alioshe. Hewa ndani ya difu inapoa ghafla, inajivuta, na maji yanaingia kupitia kipumulio kilichoziba nusu au sili iliyochoka. Msimu wa mvua mto Mirongo ukifurika mjini matokeo ni hayohayo. Baada ya wiki kadhaa beringi zina vidoa vya kutu, na kutu kwenye njia ya beringi haisafishiki. Safisha kipumulio kila unapobadilisha oili. Ni kazi ya dakika tano.

Oili inayofaa magari haya mengi ni 75W-90 GL-5. GL-4 haina kinga ya kutosha kwa meno yanayoteleza kama ya krauni na piniani. Kiasi: difu ndogo ya Subaru, R160, huchukua lita 0.8 hivi, R180 ya Impreza STI karibu lita 1, Toyota za ukubwa wa Mark X ni kati ya lita 1 na 1.5. Kipimo cha kweli ni oili kufika kwenye mdomo wa chini wa tundu la kujazia gari likiwa limesimama sawasawa. Jihadhari na gari la kununua ambalo difu yake imejazwa oili nzito ya 140 au grisi. Itanyamaza siku ya majaribio tu.

Sili ilibadilishwa, kisha mvumo ukaanza

Hapa inafaa tusimame kidogo. Nyuma ya nati ya piniani kuna spesa inayobonyea, ambayo ndiyo inayoweka mkazo wa beringi mbili za piniani. Fundi anabadilisha sili ya mbele, anafunga nati kwa bunduki ya upepo "mpaka ikaze", na spesa inabonyea zaidi ya ilivyokuwa. Beringi zinabanwa, zinapata moto, zinaanza kunguruma baada ya siku chache. Nati ikiachwa imelegea ni mbaya vilevile: piniani inatembea mbele na nyuma, na mlio wa meno unabadilika kila ukigusa mafuta.

Kabla ya kufungua nati, weka alama kwenye nati, kwenye shafti na kwenye flenji (sahani ya piniani inayofungwa propela). Pima kwanza nguvu ya kuizungusha kwa spana ndogo ya toki (yenye kipimo cha nguvu ya kukaza), propela ikiwa imetolewa na breki haziburuti. Ukirudisha, fika kwenye alama, na nguvu ya kuzungusha irudi ileile au izidi kwa kiasi kidogo sana. Ikizidi sana, kulegeza nati hakurudishi spesa. Lazima iwekwe mpya.

Kwa uchunguzi wa haraka shika flenji ya piniani, isukume juu, chini, ndani na nje. Mlegezo wowote wa namna hiyo ni beringi. Mzunguko mdogo wa kushoto na kulia ni wa kawaida.

Kusikiliza gari likiwa juu

Kama bado una shaka kati ya beringi za piniani na za pembeni, gari lipandishwe kwenye stendi imara. Lenye kusukuma matairi manne yote manne yawe juu, si mawili tu. Stendi zikae chini ya mikono ya nyuma, ili draivu shafti zisining'inie kwa pembe kali na kutoa kelele ya uongo. Tairi moja likisimama, lingine linazunguka mara mbili ya spidomita, kwa hiyo usizidi 40. Kwa kifaa cha kusikilizia chenye fimbo ndefu gusa pua ya difu, kisha ubavu wa kushoto na wa kulia. Piniani inazunguka karibu mara nne ya krauni: mngurumo wake ni wa juu na wa haraka, wa pembeni ni mzito na wa polepole.

Ukilazimika kufungua

Krauni na piniani hubadilishwa kwa jozi, zina namba zinazolingana. Toyota nyingi za aina hii hutaka mlegezo wa meno wa milimita 0.13 hadi 0.18, upimwe kwa dayo geji (kipimo chenye sindano) sehemu tatu au zaidi za krauni. Paka rangi ya alama kwenye meno machache uzungushe huku ukizuia krauni. Alama ikikaa chini kwenye mzizi wa jino, piniani imeingia sana; punguza shimu (bamba jembamba la kurekebisha nafasi). Ikikaa kileleni, haijaingia vya kutosha, ongeza. Fundi asiye na dayo geji wala rangi asikufungulie difu, hata kama anapatikana karibu na bei ni nzuri.

Difu ya mtumba kutoka Nyakato au kwingineko ni njia ya busara kwa wengi, kwa masharti. Uwiano uwe uleule. Kwa Subaru kuweka 4.111 mahali pa 4.444 kunavunja difu ya kati. Izungushe kwa mkono, fungua kifuniko ukiruhusiwa, tazama meno, na kama iliuzwa bila oili uliza kwa nini.

Jozi mpya ya meno hupata joto kali mwanzoni. Endesha kilomita 20 kwa mwendo wa wastani, simamisha mpaka ipoe kabisa, rudia mara mbili au tatu. Usikanyage mafuta mpaka chini wala usibebe mzigo kwa kilomita 800 za kwanza. Zikitimia, mwaga oili ikiwa ya moto, futa sumaku, na ujaze upya.